KABLA YA CHUO KUJENGWA KAMBINI, WANANCHI WAULIZWE

Hakuna mzalendo asiyefurahi akisikia kwamba kambi ya askari itageuzwa kuwa chuo. Mahali palipofundishwa vita pafundishwe tiba; mahali palipozungushiwa seng'enge na bunduki, vitabu viingie. Sisi wa gazeti hili twafurahi pamoja na wote. Lakini furaha isitusahaulishe swali ambalo mkulima yeyote huuliza akipewa shamba lililoachwa na mtu mwingine: huyu aliyenitangulia ameacha nini ndani ya udongo?

Swali hili latuhusu sana sisi wa Kenya, ila halikuulizwa kwa wakati wake. Mwaka 1965 Serikali ya Uingereza iliikabidhi Serikali yetu changa kambi ya Templer iliyokuwa Kahawa, nayo ikageuzwa kuwa Chuo cha Kenyatta, ambacho leo ni Chuo Kikuu. Walimu wengi waliotufundisha kusoma walitoka pale. Mimi niandikaye ni mwalimu kwa mafunzo, na siwezi kulitaja jambo hilo bila shukrani. Wala hatusemi kwamba udongo wa Kahawa una sumu. Twasema tu kwamba siku ile ya makabidhiano hapakuwa na sheria yoyote iliyomlazimisha mtu kuupima, wala kumwuliza jirani wa pale neno moja. Sheria yetu ya mazingira ilikuja mwaka 1999, miaka 34 baadaye.

Na kwamba askari huacha mambo nyuma yao, hilo hatuhitaji kufundishwa na mgeni. Ndugu zetu wafugaji Wasamburu na Wamaasai waliokota mabaki ya mabomu katika malisho yao yaliyotumiwa na jeshi la Uingereza kwa mazoezi. Wengine wakafa, wengine wakapoteza mikono na miguu. Mwaka 2002 Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ilikubali kuwalipa watu 228 jumla ya pauni milioni 4.5. Mtoto achungaye mbuzi hawezi kujua kwamba chuma kile kilichozama katika mchanga bado kina moto ndani yake.

Basi tutazame wenzetu waliopewa kambi kubwa na wakalazimika kuuliza kwanza. Katika jimbo la California, kando ya ghuba ya San Francisco, pana mahali paitwapo Moffett Field. Historia ya ardhi ile yenyewe ni somo. Mwaka 1844, nchi ilipokuwa chini ya Mexico, shamba hilo lililoitwa Posolmi liliandikwa kwa jina la Lupe Yñigo, mwenyeji halisi wa pale, mmoja katika wachache wa kabila lake waliopata hati ya ardhi ya baba zao. Haikupita miaka mia moja, ikawa mali ya wengine. Mwanzo wa miaka ya 1930 watu wa miji ya jirani walichangishana wakanunua ekari 1,000 hivi kwa dola 480,000 hivi, kisha wakaiuzia serikali yao kwa dola moja, ili ijenge kambi na kuleta kazi. Kambi ikafunguliwa mwaka 1933. Likajengwa banda la kuwekea chombo cha hewani kiitwacho Macon, puto la ajabu lenye injini; na banda hilo lina urefu wa meta 345 na kimo cha meta 60. Macon yenyewe ilianguka baharini mwaka 1935, haikumaliza hata miaka miwili katika nyumba yake. Banda likabaki.

Jeshi la majini likaitumia kambi ile kwa miaka mingi, likaondoka tarehe 1 Julai, 1994, na kuikabidhi kwa NASA, idara ya mambo ya anga, ambayo ilikuwa na maabara jirani tangu enzi za shirika lililoitangulia. NASA ikatia nia ya kupageuza kuwa mahali pa utafiti: vyuo vikuu, makampuni na wanasayansi wakae pamoja. Jambo jema. Kila mtu angepiga makofi.

Lakini Marekani ina sheria iliyotiwa sahihi tarehe 1 Januari, 1970, isemayo kwamba idara ya serikali isifanye jambo kubwa la kugusa mazingira kabla ya kuandika waziwazi jambo hilo litaleta nini, kuonyesha njia nyingine zilizokuwapo, pamoja na njia ya kutofanya kitu chochote, na kuwapa wananchi nafasi ya kusema. Tafadhali msomaji lizingatie hilo la njia nyingine. Mkubwa akija kijijini na ramani moja, huwa hakuja kuuliza; amekuja kutoa habari. Lakini akija na ramani tano, moja wapo ikiwa ya kuacha mambo yalivyo, hapo mwananchi ana la kuchagua na mkubwa ana la kujieleza. Kule Moffett zililetwa tano. Iliyokubaliwa katika ripoti ya mwisho, mwaka 2002, ni ile ya tano, tena baada ya kupunguzwa makali.

Ni nini kilichokuwa katika udongo? Tangu mwaka 1987 kambi ile ilikuwa imeandikwa katika orodha ya taifa ya mahali penye sumu panapostahili kusafishwa kwanza. Maji ya chini ya ardhi yalikuwa na dawa iitwayo trikloroethilini, ambayo hutumiwa kuondoa mafuta katika vyuma. Sehemu moja ilitoka kwa jeshi lenyewe. Nyingine ilitoka kwa viwanda vya jirani vilivyotengeneza vipuli vya umeme, ikatambaa chini ya ardhi mpaka ikaungana na ile ya kambini. Ubaya wa dawa hii ni kwamba haikai katika maji tu. Hupanda kama mvuke, ikapenya nyufa za sakafu, ikaingia chumbani. Mtu anaweza kuketi katika darasa jipya lenye madirisha ya vioo, akavuta uchafu wa miaka arobaini iliyopita, asisikie harufu yoyote. Ndiyo maana kupima ardhi baada ya jengo kusimama ni sawa na kumwita daktari matangani.

Wala mambo hayakuishia hapo. Wino wa ripoti ya 2002 ulikuwa haujakauka vizuri, ikaonekana kwamba ngozi ya lile banda kubwa, rangi zake na mabamba yake, ilikuwa ikitoa sumu nyingine, ile iitwayo PCB, pamoja na risasi, na mvua ilikuwa ikiziosha kuelekea majimaji ya pwani ya ghuba. Banda likafungwa mwaka 2003. Jeshi la majini, ambalo lilikuwa limekwisha kuondoka muda mrefu, likaambiwa: uchafu huu ni wako. Mwaka 2006 likashauri kulivunja banda lote. Watu wa pale wakakataa, wakaja mikutanoni, wakaandika barua, wakasema hii ni kumbukumbu ya mji wetu. Shauri likabadilishwa. Mwaka 2008 ikaamuliwa ngozi ivuliwe na mifupa ibaki, na kazi hiyo ikamalizika mwaka 2012. Aliyechafua alifuatwa alikokwenda. Sisi tunaoondokewa na majeshi ya watu, kanuni hiyo tuishike kwa mikono miwili.

Sasa nitaje neno nililolisikia katika mkutano wa tawi, kwa maana ndilo lililonifanya nikae kuandika makala haya. Nilipokuwa nikieleza habari hizi, mzee mmoja mwanachama akasimama, akasema: "Mwalimu, haya ya mazingira ni mambo ya watu wapendao ndege. Sisi twataka kazi na nyumba." Watu wakacheka, nami nikacheka, maana kweli kule Moffett yuko bundi. Ni bundi mdogo akaaye katika mashimo ardhini, naye alitajwa sana katika ripoti ile hata akatengewa karibu ekari 80 ambazo hazitajengwa.

Lakini nilimjibu mzee wetu, na namjibu tena hapa kwa heshima. Bundi hakupata ekari zake kwa sababu wakubwa wanampenda bundi. Alizipata kwa sababu wako watu waliokaa, wakahesabu mashimo yake, wakaandika, wakapeleka maandishi hayo kabla ya siku ya mwisho. Na katika kikao hichohicho wengine walisema juu ya nyumba: kwamba wakija wafanyakazi wapya maelfu, kodi zitapanda, na mwenye kipato kidogo atasukumwa mbali. Wakasikilizwa. Mpango uliokubaliwa ukatiwa nyumba karibu 2,000 ndani ya eneo lenyewe. Kwa hiyo, mzee wangu, nyumba ni mazingira. Maji ni mazingira. Nauli ya kwenda kazini na foleni ya magari ni mazingira. Asiyeandika ndiye asiyehesabiwa, awe mtu au ndege.

Hata hivyo tusidanganyane. Zile nyumba ziliandikwa mwaka 2002, na zaidi ya miaka kumi ikapita bila kusimama. Afisi za kampuni ya Google katika ardhi hiyohiyo zilisimama, zikafunguliwa mwaka 2022, tena nzuri sana. Mwenye fedha hujenga alichotaka kwanza. Karatasi ya tathmini bila watu wa kuifuatia mwaka hata mwaka hubaki karatasi, na Wamarekani katika hili hawana la kutufundisha, wajifunze nao. Tena hivi karibuni hata sheria yenyewe wanaipunguza nguvu. Mwaka 2025 serikali yao ilifuta kanuni kuu zilizoiongoza sheria hiyo, na mwezi wa Mei mwaka huohuo Mahakama yao Kuu ikaamua kwamba majaji wawaachie wakuu wa idara nafasi kubwa ya kuamua tathmini ienee wapi na iishie wapi. Sababu itolewayo ni kwamba tathmini huchelewesha maendeleo. Neno hilo tumelisikia kwetu pia. Kuchelewa kwa miezi sita kwamwudhi sana aliyekwisha kuahidiwa kiwanja. Atakayekunywa yale maji kwa miaka hamsini ana hesabu yake nyingine.

Na kwetu? Sheria tunayo. Sheria ya mwaka 1999 yataka tathmini ifanywe kabla ya mradi kuanza. Kanuni za mwaka 2003 ziliagiza mwenye mradi aitishe mikutano isiyopungua mitatu na watu watakaoguswa, abandike matangazo, atie tangazo gazetini, na litangazwe redioni kwa lugha za taifa na za mahali. Katiba ya 2010 ikaongeza haki ya kila mtu kuishi katika mazingira safi. Na tusiseme kwamba hayo ni maandishi matupu. Watu wa Lamu walipoletewa kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe, kilichopewa kibali mwaka 2016, walikwenda mbele ya Baraza la Rufaa la Mazingira, na tarehe 26 Juni, 2019, kibali kikafutwa. Sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Wavuvi na mama wasuka makuti waliisimamisha kampuni kubwa kwa kuuliza tu: mlituuliza lini?

Kasoro yetu ni hii. Tangazo hutoka gazetini kwa herufi ndogo, karibu na habari za minada, kwa Kiingereza cha mawakili. Ripoti yenyewe ina kurasa mia tano, nayo hukaa katika afisi ambayo nauli ya kwendea ni kibarua cha siku nzima. Halafu siku za maoni zikiisha, twaambiwa kwamba wananchi hawakuwa na pingamizi. Hawakuwa na pingamizi, au hawakuwa na habari? Tena iko mikutano iitwayo ya hadhara ambayo chifu huleta watu wake, soda zikagawiwa, karatasi ya mahudhurio ikatiwa sahihi, na sahihi ile ya kupokea soda ikahesabiwa kuwa sahihi ya kukubali. Mwanachama wa chama hiki asitie sahihi karatasi asiyosomewa.

Twaomba kila tawi limchague mtu mmoja ajuaye kusoma vizuri, mwalimu au karani au mwanafunzi aliye likizoni, ambaye kazi yake itakuwa kusoma matangazo hayo kila wiki na kuyaeleza mkutanoni kwa Kiswahili kinachoeleweka na kila mtu. Panapotajwa kambi ya zamani, ghala la zamani la jeshi, au uwanja wa shabaha, aulize mambo manne kwa maandishi: udongo na maji ya chini vimepimwa wapi na kwa kina gani, aliyechafua ni nani na amekubali kulipa kwa maandishi au kwa maneno, waliokuwa wenye ardhi kabla ya kambi wako wapi leo na wamesema nini, na nyumba za wafanyakazi zitajengwa kabla ya maabara au baada yake. Barua ipelekwe kwa mkono, na nakala yake ipigwe muhuri wa afisi iliyoipokea, muhuri wenye tarehe. Matawi yatakayotuletea nakala hizo, tutazichapa katika ukurasa huu, pamoja na jibu kama limekuja. Na kama halikuja, tutachapa idadi ya siku zilizopita.