Kisukari cha mtoto si kosa la mama

Mtoto akipata kisukari aina ya kwanza, wengi humlaumu mama kwa peremende, au husema karogwa. Si kweli. Kinga ya mwili wake mwenyewe ndiyo iliyoziua seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Urithi huchangia, lakini hautoshi: mapacha wa kufanana, mmoja huweza kuugua na mwenzake asiugue. Kwa hiyo lipo pia jambo la nje, na wataalamu wanashuku baadhi ya virusi. Basi tuache lawama. Mtoto mwenye kiu, anayekojoa mno na kukonda, apelekwe hospitali upesi. Dua tusome, lakini sindano ya insulini isiachwe, hata Ramadhani. Mgonjwa ana ruhusa ya kula. Bila insulini mtoto hufa.