Uchambuzi: Kambi ya upinde kwa vijana yawapa somo wenye maduka

Maduka madogo ya pinde na mishale nchini Marekani yamekuwa yakiandaa kambi za vijana wakati wa likizo za shule ili kujipatia wateja. Mbinu hiyo inawahusu pia wenye maduka wa Afrika Mashariki, kwani tatizo ni lile lile: bidhaa uliyonayo rafuni inapatikana kwingine kwa bei ya chini zaidi.

Soko la vijana nchini humo halikuzuka lenyewe. Mwaka 2002, jimbo la Kentucky lilianzisha mpango wa kufundisha ulengaji shabaha mashuleni, ukianzia katika shule 21 na baadaye kusambaa nchini kote na nje ya Marekani. Mwaka 2012 filamu za The Hunger Games na Brave, ambazo mashujaa wake ni wasichana wenye pinde, zikaongeza hamu ya watoto wengi. Hata hivyo, hamu iliyoletwa na filamu hupoa. Maduka yaliyonufaika kwa muda mrefu ni yale yaliyowapa watoto hao mahali pa kufanyia mazoezi.

Siri ya biashara hii iko kwenye bidhaa yenyewe. Mtoto hukua, mikono yake hurefuka, na upinde uliomfaa mwaka jana haumfai tena. Ugwe huchakaa, mishale hupotea na kuvunjika. Kupima urefu wa mvuto, kukata mshale kwa kipimo na kubadilisha ugwe ni kazi za fundi aliyepo dukani. Anayeuza kwa mtandao anaweza kupunguza bei, lakini hawezi kumshika mtoto bega na kumrekebisha. Aidha, kodi maalumu ya asilimia 11 ambayo serikali ya Marekani hutoza pinde haizigusi zile zenye nguvu ya chini ya ratili 30, jambo linalosaidia bei ya pinde za watoto.

Je, kambi yenyewe inalipa? Tuchukue hesabu ya mfano tu. Watoto 20 wakilipa dola 100 kila mmoja, mapato ni dola 2,000. Wakufunzi wawili wakilipwa dola 400 kila mmoja, shabaha na mishale vikigharimu dola 400, bima, maji na chakula dola 300, gharama ni dola 1,500. Zinabaki dola 500 kwa wiki nzima ya kazi, na bado pinde za kuazimisha hazijahesabiwa. Faida ya kweli huja baadaye. Watoto watano kati ya hao wakinunua vifaa vya dola 250 kila mmoja, mauzo ni dola 1,250. Wakiendelea kurudi kila mwezi kwa mazoezi, duka limepata kipato kisichotegemea msimu. Wasiporudi, mwenye duka amefanya kazi ya kulea watoto wa watu kwa ujira mdogo.

Kwa hiyo hatari ipo, na kubwa kuliko zote ni usalama. Ajali moja inaweza kulifunga duka. Ndiyo maana katika mpango wa mashuleni hakuna anayekwenda kwenye mstari bila filimbi mbili, hakuna anayelenga bila filimbi moja, na hakuna anayefuata mishale bila filimbi tatu. Filimbi tano au zaidi ni dharura, wote husimama. Wakufunzi huhitaji vyeti, na vilabu vilivyosajiliwa na chama cha taifa cha mchezo huo hupata bima kupitia uanachama.

Kwa upande wa Afrika Mashariki, mchezo huu si mgeni kabisa. Mkenya Shehzana Anwar alishiriki ulengaji shabaha katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016, na ndiye aliyebeba bendera ya nchi yake. Kwa anayefikiria kuagiza vifaa, jambo la kujua ni kwamba mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa za forodha hauweki pinde na mishale kwenye sura ya 93 ya silaha, bali sura ya 95 pamoja na vifaa vya michezo. Hata hivyo, mpakani mshale ni mshale, na sheria za nchi kuhusu uwindaji na usalama hubaki palepale. Ni busara wakala wa forodha aulize kabla ya mzigo kuondoka. Wasafirishaji nao wakumbuke kuwa upinde uliotoka Asia haugeuki kuwa bidhaa ya asili ya Jumuiya kwa kupitia Mombasa au Dar es Salaam, hivyo cheti rahisi cha uasili kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 hakiuhusu.

Somo lenyewe halihitaji upinde. Muuza baiskeli, cherehani au mipira anaweza kuwafundisha vijana wa mtaa kutumia na kutengeneza anachouza. Cha msingi ni kuandika daftarini majina ya waliohudhuria na, baada ya miezi mitatu, kuhesabu wangapi wamerudi kununua. Idadi hiyo ndiyo itakayoonyesha kama kambi ya pili inastahili mtaji.