Motokari ya Baba: Rangi Inakuja Mwisho



Katika miji yetu ya migodi kuko lupango nyingi ambamo motokari ya zamani imelala chini ya mwembe. Baba aliinunua na mshahara wa shimo, akaiendesha miaka mingi, kisha akafa. Sasa mtoto mmoja anasema: «Mimi nitaitengeneza.» Ni wazo nzuri. Lakini wengi wanaoanza kazi hii wanakimbilia kununua rangi. Leo tunataka kuwaambia kama rangi ni kazi ya mwisho.

Mbele ya yote uliza: ile motokari ni ya nani? Ufunguo kuwa mkononi mwako, siyo kusema motokari ni yako. Sheria ya jamaa ya nchi yetu, iliyotoka 1987 na kugeuzwa fasi nyingine 2016, inawapa watoto wa marehemu vipande vitatu kati ya vine vya mali yake. Kipande kinachobaki ni cha kundi la mjane, wazazi na ndugu za marehemu. Dada aliyeolewa naye ni mtoto. Na baba mdogo hana haki ya kuja peke yake kuikokota motokari usiku.

Basi keti pamoja na mama na ndugu zako wote. Andikeni kwenye karatasi: nani ataleta feza, nani atatumika, na kama siku moja motokari inauzwa, aliyenunua vipande atarudishiwa namna gani. Wote watie sahihi. Tafuteni tena karte roze ya baba. Ukitumia feza mbele ya mapatano, motokari itatembea na jamaa itavunjika.

Kisha angalia kama inafaa kutengenezwa. Tuseme ni Volkswagen, ile inayoitwa Coccinelle. Zilitengenezwa zaidi ya milioni 21, na ya mwisho ilitoka Meksiko mwaka 2003. Ndiyo maana vipande vyake vingali vinapatikana. Ondoa kiti cha nyuma. Chini yake utaona namba iliyopigwa kwenye chuma: ifananishe na ile ya karte roze. Hapo karibu ni fasi ya bateri, na asidi yake inakula chuma. Chokoa sakafu na bisibisi. Kama bisibisi inapita mpaka inje, kuko kazi ya kulehemu, na feza ya kazi hiyo ihesabiwe mbele.

Sasa freni. Katika Coccinelle nyingi za mbele ya 1967, magurudumu yote ine yanatumia njia moja ya mafuta ya freni. Mpira mmoja ukipasuka, pedali inashuka mpaka chini, na freni ya mguu inakosa nguvu kwa magurudumu yote. Itabaki freni ya mkono tu. Mipira iliyokaa miaka kumi bila kazi, hapana kuiamini hata kama inaonekana mizuri. Badilisha yote, na mafuta ya freni vilevile, kwa sababu yanavuta maji ya hewa. Vumbi iliyo ndani ya freni za zamani, hapana kuipuliza na kinywa: inaweza kuwa na amianti, inayoharibu mapafu. Pangusa na kitambaa kilicholowa. Na usilale chini ya motokari inayoshikwa na kriki peke yake. Weka magogo mazito au vyuma vya kuisimamisha.

Motere inafuata. Hapana kuiwasha kwanza. Ondoa bujie, tia mafuta ya motere kidogo katika kila tundu, acha usiku mzima, kisha uizungushe polepole na ufunguo. Coccinelle haina radiatere. Inapozwa na hewa, tena panya wanapenda kujenga nyumba ndani ya njia ya hewa ile. Motere itaungua bila wewe kujua sababu. Mwaga mafuta ya zamani, tia mapya litre 2 na nusu. Badilisha mipira ya esanse, kwa sababu inapita karibu na motere ya moto, na esanse ikivuja pale, motokari inawaka. Mbele ya kununua bateri, soma namba kwenye taa: nyingi za zamani ziko na volti 6. Ukiweka ya volti 12, taa zitaungua. Na bateri ifunikwe vizuri, sababu vyuma vya kiti vikiigusa, moto utaanza chini ya wale waliokaa nyuma.

Kazi hii inaomba wakati. Tafuta fundi mzee mmoja akubali kukuangalia, na umwite akague freni mbele ya kutoka barabarani. Kila kitu unachofungua, kitie katika kopo na uandike jina lake. Feza ikiisha, simama, chuma haitakimbia.

Rangi inafuata nyuma ya yote hayo. Rangi inafunika kutu, na jirani watasifu. Lakini siku utakayomwambia mama apande pamoja na wajukuu, watu wa njiani watauliza tu kama motokari inatembea. Wewe, mbele yao, uwe umekwisha kujua kama inasimama.