Bei nzuri kwenye nyumba ya marehemu

Arobaini ikishapita na watoto wakirudi mikoani kwao, vitu vya nyumba huanza kupunguzwa. Kabati la mninga, cherehani ya kukanyaga, masufuria makubwa ya shughuli, friji. Warithi hawana pa kuviweka na pengine kodi ya nyumba inadai. Ndiyo maana mzazi anayepanga chumba cha watoto anaweza kuondoka na kitanda cha mbao ngumu kwa pesa ambayo fundi angemtengenezea cha paini.

Ila kabla ya bei, ajue nani anauza. Kushika funguo si kuwa na mamlaka, hata kwa mtoto wa kwanza. Kwa Tanzania, anayekusanya mali ya marehemu, kulipa madeni na kugawia warithi ni msimamizi wa mirathi. Familia humpendekeza, mahakama humteua. Kwa sufuria mbili hakuna atakayeuliza karatasi. Kwa friji, kabati au pikipiki, mnunuzi aombe kuiona hati hiyo ya mahakama, kisha yaandikwe mauziano: vitu gani, bei, tarehe, sahihi na shahidi. Bila hivyo, wiki ijayo dada wa marehemu anaweza kugonga mlango akidai kabati, na huenda ni lake kweli.

Ajihadhari zaidi pale mjane anapokaa kimya pembeni huku shemeji zake wakitaja bei. Cherehani aliyoinunua mwenyewe kwa pesa za maandazi si mali ya marehemu. Amuulize yeye, kwa upole. Akishindwa kujibu, bora mnunuzi aage aondoke, hata kama bei ni ya kutupa.

Yakiwa sawa hayo, ndipo vitu vikaguliwe. Unga mwembamba chini ya kabati na vitundu kwenye mbao ni wadudu, na watahamia kwenye vitanda vya nyumbani. Friji iombwe iwashwe tangu asubuhi, maana taa kuwaka si kupoza. Cherehani ishone kipande cha kitambaa pale pale. Godoro aliache hata likiwa la bure. Kunguni mchana wamejificha.

Na kupunguziwa? Hapa si Kariakoo. Pole kwanza, maji yakiletwa anywe, kisha bei. Kuponda kitu cha marehemu ili kishuke bei ni utovu wa adabu, na mara nyingi hakisaidii kitu. Anayechukua vitatu kwa mpigo na kuja na kirikuu chake hupunguziwa bila mabishano, kwa kuwa wenyewe wanataka nyumba iwe tupu.

Kabla ya kupakia, droo zote zifunguliwe mbele ya wenyewe. Humo hukutwa vyeti vya shule, picha za harusi, pengine hati ya kiwanja iliyokunjwa ndani ya gazeti kuukuu. Mnunuzi azikabidhi mkononi, ndipo kabati libebwe.