Gari likitetemeka, tumwambie shofa

Wamama wenzetu, tunaotoka Kisangani kwenda Bafwasende kutafuta bidhaa, gari likianza kutetemeka linapokimbia tusinyamaze. Lisimame, nati za magurudumu zikazwe: zikilegea gurudumu linaweza kuchomoka, na watoto wamo ndani. Kisha shofa achungulie upande wa ndani wa janti. Mvua zetu hizi! Matope yakikauka humo yanazidisha uzito upande mmoja, na pengine kuyaosha tu kunatosha. Usukani ukitikisika, tuanze na magurudumu ya mbele. Kiti kikitikisika, ya nyuma. Mpira uliovimba hauna dawa, ubadilishwe. Yote hayo yakiwa sawa, fundi apime uzito wa magurudumu na kubandika vipande vya risasi kwenye janti. Likitetemeka wakati wa kufunga breki tu, achunguze breki zenyewe.