Mathare: "Rudi wiki ijayo" inavyolea saratani

Dada yangu wa mama mdogo ameishi Nairobi miaka kumi na miwili sasa. Aliolewa huko, akaachika huko, akabaki huko. Asubuhi huuza mahamri na mbaazi upande wa Mlango Kubwa, na chumba alikuwa amepanga chini bondeni, karibu na mto. Mapema mwaka 2024 wahudumu wa afya walipita mtaani wakiwahimiza wanawake wakapimwe saratani ya mlango wa kizazi. Akaenda. Wakamchukua kipimo cha HPV, wakaandika nambari yake ya simu, wakamwambia majibu yatakuja baada ya wiki kadhaa.

Aprili ya mwaka huo Mto Mathare ukafurika. Picha mliziona. Maji yaliingia usiku watu wamelala, na Mei matingatinga ya serikali yakaja kubomoa nyumba zilizosalia ukingoni. Simu yake ilikwenda na maji. Akajisitiri Huruma kwa rafiki, kisha Kayole, kisha akarudi Mathare kwa sababu wateja wake wako pale. Majibu aliyapata mwishoni mwa 2025, alipompeleka mtoto kliniki ileile kwa kikohozi na muuguzi mmoja akalikumbuka jina lake. Virusi vipo. Alitakiwa aonekane tangu mwaka uliopita.

Ameniruhusu kuyaandika haya kwa sharti nisimtaje.

Najua wapo watakaouliza mwanamume anatafuta nini katika mambo haya. Mimi natafuta sababu ya wanawake kufa kwa ugonjwa unaochukua miaka mingi kukomaa na unaoweza kuzuiwa njiani. Mwaka 2020 Kenya ilikadiriwa kuwa na wagonjwa wapya zaidi ya 5,200 wa saratani hii na vifo zaidi ya 3,200. Gawanya kwa siku za mwaka, ni takriban wanawake tisa kila siku.

HPV ni jamii kubwa ya virusi. Vingi havina madhara makubwa, lakini aina mbili, ya 16 na ya 18, ndizo zinazosababisha kama asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi duniani. Mjerumani Harald zur Hausen, aliyeonyesha uhusiano huo, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Kuwa na virusi si kuwa na saratani. Mwili wa mtu mwenye afya huviondoa wenyewe mara nyingi, ndani ya mwaka mmoja au miwili. Hatari ni pale vinapong'ang'ania. Hapo huanza kuharibu chembe za mlango wa kizazi polepole, na kufika kwenye saratani yenyewe huchukua miaka 15 hadi 20. Kwa mwanamke ambaye kinga yake imedhoofika, hasa mwenye HIV asiyetibiwa, huweza kuwa miaka 5 hadi 10. Shirika la Afya Duniani linasema mwanamke mwenye HIV ana hatari mara sita zaidi ya mwenzake.

Hapa kwetu Pwani jambo hili hukwama kwenye haya. HPV huambukizwa kwa kujamiiana, basi mtu akisikia hivyo anaona kwenda kupimwa ni kukiri zinaa. Nimesikia hata mtu mzima mwenye elimu yake akisema, "Mke wangu hahitaji, ametulia." Ametulia, naam, na wewe? Na yule mke uliyemwacha kabla yake, na mume aliyemwacha yeye kabla yako? Ndoa za halali kabisa, zilizofungwa na kadhi mbele ya mashahidi, zinapitisha virusi hivi kwa sababu karibu kila mtu aliyewahi kukutana na mwenzake amevipata wakati fulani, na mwanamume hana dalili ya kumjulisha. Tohara inapunguza, haiondoi. Kumpima mke si kumtuhumu.

Lakini turudi Mathare, maana pale haya si kikwazo kikubwa kama tunavyodhani. Wanawake wa Kiamaiko, wengi wao Waborana Waislamu, na wenzao wa Mabatini, Kosovo na Bondeni huenda kupimwa wakiitwa vizuri na wakipata muuguzi wa kike. Kikwazo ni maneno mawili matatu wanayoambiwa wakishapimwa: rudi wiki ijayo.

Kuna kipimo cha siki. Muuguzi anapaka siki kwenye mlango wa kizazi, anasubiri dakika moja, na palipoharibika panageuka peupe. Ni rahisi, na jibu lapatikana hapohapo. Udhaifu wake ni kwamba kinategemea jicho la muuguzi, na kwa mama aliyekoma hedhi hakiaminiki sana. Kipimo cha HPV chenyewe ni bora. Hugundua mapema zaidi, na mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe nyuma ya pazia kwa kijiti chenye pamba, hakuna wa kumtazama. Kwa stara hakuna kinachokishinda. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linakipendekeza, na mwongozo wa Kenya wa mwaka 2018 ulikitanguliza kwa wanawake wa miaka 30 na zaidi.

Kwa hiyo kitaalamu kipimo bora ni cha HPV. Ila sampuli inapelekwa maabara mbali, na mpaka jibu lirudi, mpangaji wa Mathare keshahama. Kodi imepanda, au moto umeunguza ploti, au mto umefurika. Laini ya simu imebadilika. Kipimo bora chenye jibu lisilomfikia mwenyewe kinashindwa na siki ya muuguzi mwenye macho mazuri. Wakubwa wa afya wakihesabu wanawake "waliopimwa", dada yangu yumo kwenye hesabu hiyo. Ni mafanikio yao.

Dawa ya hili ipo na si ya ajabu. Mashine za GeneXpert, zilizoenea nchini kwa kupimia kifua kikuu, zinaweza kupima HPV pia na kutoa jibu kwa muda wa kama saa moja. Kifua kikuu Mathare hakijawahi kuwa kigeni. Kutibu nako hakuhitaji chumba cha upasuaji. Palipoharibika pakiwa padogo, hugandishwa kwa gesi au huchomwa kwa kifaa kidogo cha joto ambacho huweza kutumia betri. Ni kazi ya dakika chache na mama anarudi nyumbani kwa miguu yake. Apimwe asubuhi, angoje, atibiwe kabla ya adhuhuri. Septemba 2023 serikali iliwapa wahudumu wa afya ya jamii 100,000 mikoba yenye vifaa vya kupima presha na sukari. Kijiti cha HPV kingeingia humo bila kuongeza uzito.

Chanjo imetufundisha somo hilohilo. Oktoba 2019 Rais Uhuru Kenyatta aliizindua hapa kwetu Mombasa, Ziwa la Ng'ombe, kwa wasichana wa miaka kumi, dozi mbili zilizoachana miezi sita. Chama cha Madaktari Wakatoliki kiliipinga, na misikitini nako palikuwa na minong'ono ya uzazi wa mpango. Abu Dhabi wamewachanja wasichana shuleni tangu 2008 na Malaysia tangu 2010, na wanazaa kama kawaida. Wengi walichanjwa dozi ya kwanza. Ya pili ndiyo iliyowashinda: binti kahama shule, au katumwa kwa nyanya, au muuguzi kaja siku hayupo.

Kisha utafiti uliofanywa Thika, Nairobi na Kisumu kwa wasichana 2,275 wa miaka 15 hadi 20 ukaonyesha kwamba dozi moja tu ilizuia maambukizi ya aina ya 16 na ya 18 kwa zaidi ya asilimia 97 katika miezi 18 ya mwanzo. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likakubali dozi moja. Tanzania ikahamia huko mwaka 2024, na Kenya mwaka 2025. Yaani "rudi baada ya miezi sita" imefutwa kwa binti. Kwa mama yake bado ipo.

Wakati nao si mzuri. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada, na kliniki za HIV, ambako wanawake wengi walikuwa wakipimwa saratani hii siku ya kuchukua dawa zao, zikatikisika. Juni nchi hiyo ikatangaza kuacha kuichangia Gavi, inayotusaidia kununua chanjo. SHA inamtaka mchuuzi alipe mwaka mzima kwa mkupuo, na mwenye kulala na mtaji wa unga wa kesho hana mkupuo. Nairobi ni kaunti, ina bajeti ya afya na ina Mathare. Mombasa pia ni kaunti, na Kisauni ukiishuka hadi mabondeni utakuta wapangaji wanaohama vilevile.

Dada alikwenda Jumanne iliyopita. Alifunga biashara, akalipa mtu wa kukaa na mtoto, akapanga foleni tangu saa moja. Ilipofika zamu yake akaambiwa gesi ya kugandishia imekwisha. "Kaka, wamesema nirudi wiki ijayo," akaniambia kwenye simu, akacheka. Nimemtumia nauli na pesa za siku moja ya mahamri. Jumatatu usiku nitampigia nimkumbushe.