Rangi iliondoka shuleni, pesa ikachukua nafasi yake

Asubuhi Kibaha, Maili Moja, watoto wa mtaa mmoja huachana barabarani. Mmoja anapanda basi la njano kwenda shule ya mchepuo wa Kiingereza. Mwenzake anatembea kwenda "Kayumba", shule ya Serikali. Jioni wanacheza pamoja, lakini hawasomi pamoja.

Utengano huu si mgeni. Enzi za ukoloni, Wazungu, Wahindi na Waafrika walikuwa na shule zao. Waafrika walisoma kwingine, kama Minaki ya Waanglikana kule Kisarawe, au jirani yake Pugu ya Wakatoliki, alikofundisha Mwalimu Nyerere. Januari 1962, mara tu baada ya Uhuru, ubaguzi wa rangi shuleni ukafutwa. Sheria ya mwaka 1969 ikaiwezesha Serikali kuchukua shule nyingi za madhehebu.

Baada ya Uhuru, Serikali ndiyo iliyopanga nani akae na nani. Ndivyo Jakaya Kikwete, mtoto wa Msoga, alivyosoma Sekondari ya Kibaha, iliyojengwa kwa msaada wa nchi za Nordiki.

Sera ya elimu ya 1995 ilifungua mlango zaidi kwa shule binafsi. Sasa mzazi anachagua, ila kwa sharti moja: awe nazo.

Ni kweli, ada imefutwa shule za Serikali: hadi kidato cha nne tangu 2016, kisha cha tano na sita tangu 2022. Lakini pengo la lugha bado lipo. Mtoto wa Kayumba husoma kwa Kiswahili hadi anamaliza msingi, halafu kidato cha kwanza anakutana na masomo karibu yote kwa Kiingereza. Jirani yake amekizoea tangu chekechea. Miaka minne baadaye, mtihani ni uleule.

Kuna hasara nyingine isiyosemwa sana. Mzazi mwenye uwezo akimhamisha mwanawe, anaondoka na sauti yake pia. Kwenye kikao cha Kayumba, nani atabaki kuuliza habari za madawati na walimu?

Kidato cha tano, Tamisemi huwapanga tena pamoja, Minaki na Kibaha zikiwemo. Hapo waliopanda basi la njano na waliotembea huweza kukaa dawati moja. Tatizo ni wale ambao hawakufika.